Mrejesho: waraka wa mahitaji na timu ya mizunguko mifupi

Ndugu zangu, niliuliza hapo awali namna timu yetu ya programu, inayofanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili mbili katika kampuni ya vidhibiti vya breki hapa Ujerumani, inavyoweza kuishi na waraka wa mahitaji, yaani orodha ya yale ambayo bidhaa lazima iyatimize, uliofungwa usibadilishwe tangu mwanzo wa mradi. Ushauri wa baadhi yenu wa kuutupa waraka haukuwezekana, kwa kuwa kiwango cha ISO 26262, cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya kielektroniki ya magari, kinadai kila hitaji la usalama lifuatilike kutoka chanzo chake hadi jaribio linalolithibitisha.

Tulitenganisha ngazi: mahitaji ya usalama yamebaki chini ya kamati ya mabadiliko, ambayo lazima iidhinishe kila badiliko, ilhali yale ya ndani ya programu timu huyaandika na kuyabadilisha yenyewe, mradi kila kadi ya kazi ibebe namba ya hitaji mama, yaani lile la juu lililoizaa, na jaribio lake lifaulu kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekwisha. Wahandisi wa mitambo walinung'unika, na nakiri walikuwa na haki, maana chuma kikishamiminwa kwenye kalibu hakingoji mzunguko ujao. Kigumu kilichobaki ni kamati yenyewe, ambayo hukutana mara moja tu kwa mwezi.