Maneno ya Kiingereza ya kutoa pumzi kwa wanafunzi Wachina

Muulizaji: Habari zenu, walimu wenzangu. Ninawafundisha Kiingereza watu wazima ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina, na msamiati wa kutoa pumzi umewakanganya: mmoja huandika "sigh a breath", mwingine "breath out" badala ya "breathe out", na karibu wote hung'ang'ania "exhale" hata katika mazungumzo ya kawaida. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, anzia kwenye Kichina chenyewe. Huko neno qì, yaani hewa au pumzi, hubaki palepale, na kinachobadilika ni kitenzi kinacholitangulia: hūqì ni kutoa pumzi, tànqì ni kushusha pumzi kwa huzuni au uchovu, chuǎnqì ni kuhema. Kiingereza huimeza pumzi ndani ya kitenzi, kwa hiyo "exhale", "sigh" na "pant" hujitosheleza. Anayeandika "sigh a breath" anatafsiri tàn, kisha anaona vibaya kuiacha qì bila mwenzake. Nomino hurudi katika "let out a breath" au "let out a sigh", kwa kuwa "let out" pekee haisemi kilichotoka ni nini.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu "exhale", sioni kosa la maana bali la mahali. Daktari anayesikiliza mapafu humwambia mgonjwa "breathe in", kisha "breathe out". "Exhale" huzoeleka zaidi katika maandishi na maelekezo ya yoga. Ila "expire" wasiiguse: kitabibu ni kutoa pumzi, lakini msomaji wa kawaida atadhani mtu amefariki au hati imepitwa na muda.

Mchangiaji wa tatu: Naongeza la matamshi, kwa sababu ndiko "breath" na "breathe" zinakochanganyika. Kichina sanifu hakina sauti hizo mbili za mwisho, hivyo wengi hutamka s au z. Sisi tunazo: "breath" huishia na th ya thelathini, "breathe" na dh ya dhahabu, tena irabu yake ni ndefu. Waweke kidole kooni. Kwenye "breathe" koo litatetema mpaka mwisho, kwenye "breath" mtetemo utakatika kabla.

Muulizaji: Nashukuru. Na "blow" je?

Mchangiaji wa kwanza: Hiyo ni chuī, kupuliza: pumzi inaelekezwa kwenye kitu, mshumaa kwa mfano. Haitawasumbua.