Naomba ushauri: mbwa mkubwa anakojoa ndani

Wakuu habari zenu, nina mbwa jike wa miaka 4 nimeachiwa na jirani aliyehama, kule alikuwa anashinda bandani, sasa kwangu ananikojolea sebuleni hasa usiku na mvua ikinyesha maana hataki kabisa kutoka. Namtoa akiamka na kila akimaliza kula, akikojoa nje nampa kipande cha nyama palepale, mchana inasaidia. Kumpiga sitaki kabisa, mbwa akipigwa anajifunza kujificha tu akakojoe nyuma ya kochi. Ila siku hizi anakunywa maji mengi mno, yaweza kuwa UTI au kisukari? Nianze kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo au niendelee kumfundisha? Na usiku nyie mnafanyaje? Nampenda huyu mbwa, bandani simrudishi.