MJADALA: Mama akiamua kwa hiari yake kujifungulia porini, tumwache?

Mtoa mada (mkunga):
Habari zenu wote. Wapo kina mama wanaopanga kabisa kwenda kujifungulia msituni au kando ya mto, wengine bila mkunga. Hawakushikwa na uchungu safarini, ni uamuzi. Wanasema mwili wa mwanamke unaijua kazi yake, na kwamba wodini walikemewa, wakalazwa chali, wakanyimwa mtu wa kuwashika mkono. Je, ni haki yao tuiheshimu, au wazuiwe?

Msimamo wangu nauweka wazi. Sina ugomvi na miti. Uchungu wenyewe unaweza kwenda vizuri sana nje: mama anatembea, anachuchumaa, ananing'inia kwenye tawi, hakuna anayemharakisha. Ninachokiogopa ni ile saa moja baada ya mtoto kutoka.

Nimezalisha nje mara moja tu, chini ya mti, gari lilipokwama tukielekea kituoni. Mtoto alilia hapo hapo, kondo la nyuma likatoka zima, tukashukuru. Nikatazama majani, yamelowa kidogo tu. Nilipoinua kitambaa alichokalia mzazi, udongo chini yake ulikuwa mweusi, laini, kidole kinazama. Ardhi ilikuwa inainywa damu! Wodini inakusanyika kwenye beseni, unaiona na kuipima, na ikifika mililita 500 unajua mambo yameharibika. Pale sikuwa na cha kupimia. Nilikanda tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukajikaza, nikamchoma sindano ya oksitosini niliyokuwa nayo mkobani, damu ikakata.

Sasa sindano hiyo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda siku kadhaa juani ndani ya mkoba, siiamini tena. Vidonge vya misoprostoli, vinavyokaza mfuko wa uzazi kama sindano hiyo, havihitaji friji, lakini vinahitaji mtu anayejua saa ya kuvitoa. Akipewa mama mapema, pacha wa pili yumo tumboni, umemwingiza hatarini kwa mkono wako.

Mama wa watatu:
Dada mkunga, nakuheshimu, ila mnatutisha. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa chali, saa nyingi, na nilipoomba kuchuchumaa nikaambiwa "hapa si kwenu." Wa tatu nilijifungulia bustanini nyuma ya nyumba, mkunga pembeni, mume kanishika mgongo. Sikuchanika, sikupigiwa kelele. Mnahesabu damu, matusi hamyahesabu. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2018 lilielekeza mama awe na mtu wake wa karibu na achague mkao anaoutaka. Wodi ngapi zinafuata?

Mtoa mada:
Mama, kwenye matusi sina utetezi. Nimewahi kunyamaza mwenzangu akimkemea mzazi, na mpaka leo naijutia ile kimya yangu. Tungeacha hayo, nusu ya wanaotaka msitu wasingeutaka.

Lakini angalia ulichokuwa nacho: mkunga, maji, barabara. Uingereza mwaka 2011 walitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na dalili ya hatari. Kati ya waliopanga kuzalia nyumbani kwa uzazi wa kwanza, karibu 45 katika kila 100 walihamishiwa hospitali. Waliokwisha kuzaa kabla, karibu 12, na watoto wao hawakupata madhara zaidi ya wale wa hospitali. Hilo ni haki yako nilitaje. Wengi walihamishwa kwa sababu uchungu ulisimama au walitaka dawa ya maumivu, si kwamba walikuwa wanakata roho. Ila walikuwa na pa kuhamia, na mkunga wa kusema "sasa twende."

Mwokoaji wa milimani:
Naongezea la upande wangu. Machela kwenye njia ya miguu inataka watu sita na wengine wa kupokezana. Njia unayoitembea saa moja ukiwa mzima, machela huila saa tatu, na usiku zaidi. Helikopta haishuki penye miti iliyoshonana, na ukungu ukifunga hairuki. Kabla ya yote hayo lazima mtu apande kilima kutafuta mtandao, na huyo mtu ni yule yule aliyekuwa anakanda tumbo. Watu huniuliza kuhusu wanyama. Mimi baridi ndiyo huniogopesha kuliko wanyama.

Mtoa mada:
Umesema kweli kabisa. Mtoto anatoka amelowa chapachapa, na upepo kidogo tu unamnyang'anya joto. Anatakiwa abaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mkaushe hapo hapo, tupa kitambaa kilicholowa, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa. Zile picha za kumwogesha mtoto mtoni dakika ileile zinaniumiza. Kuoga kusubiri saa 24. Kitovu ni wembe mpya na uzi safi, maana udongo una vijidudu vya pepopunda. Na wapo watoto wachache ambao hata ukiwakausha na kuwasugua mgongo hawavuti pumzi. Hao wanahitaji kupuliziwa hewa kwa barakoa na mfuko ndani ya dakika ya kwanza, na mkono uliokwisha fanya hivyo.

Baba mtarajiwa:
Basi sheria ikataze?

Mtoa mada:
Hapana, ndugu yangu. Ukikataza atakwenda kwa kificho, hatahudhuria kliniki, na damu ikianza kutoka ataogopa kupiga simu. Huyo ndiye tutakayempoteza.

Baba mtarajiwa:
Nauliza kwa sababu mke wangu ana wiki 34, uzazi wa kwanza, na ameshachagua mahali. Nimwambie nini?

Mtoa mada:
Kwanza usimwambie, muulize. Kitu gani hasa anakikimbia? Kiandikeni, mkawaulize wakunga wawili watatu nani anaweza kumpa hicho, awe na wewe, achague mkao, taa zipunguzwe. Kisha mwende wote kliniki: presha, damu, mtoto amelalaje, kondo limejishikiza wapi. Presha ikiwa juu au kondo limeziba njia, habari ya msitu iishie hapo.

Halafu usiku mmoja chukua gari, anzia pale pale alipopachagua, hesabu dakika mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Uje utuandikie hapa umepata ngapi.