Tiketi ya msimu wa raga 2025-26: Leicester, Northampton au Worcester?

Mgeni wa Midlands
Habari zenu wanachama. Ninataka kununua tiketi ya msimu wa raga wiki hii, kabla bei hazijapanda, na nimebaki na klabu tatu: Leicester Tigers, Northampton Saints na Worcester Warriors, ambao wanarejea uwanjani baada ya kukaa nje miaka mitatu. Ninachojali kwanza ni kikosi kipana, kwa sababu nimechoka kutazama timu inayotamba Oktoba halafu inayumba Februari nyota wake wanapoitwa kambi ya England. La pili, ninataka kuwa na hakika kwamba klabu yenyewe itakuwa bado hai ifikapo Mei. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Skramu Kwanza
Ndugu, karibu, lakini umetuachia maswali mengi kuliko uliyouliza. Midlands ni eneo kubwa: unaishi mji gani? Unanunua tiketi ngapi, na je, kuna watoto? Unasafiri kwa gari au kwa treni? Utalipa kwa mkupuo au kwa awamu? Unalinganisha pia vitu visivyolingana, kwa kuwa Leicester na Northampton wako ligi kuu yenye timu 10, ambako kila timu hucheza mechi 9 za ligi nyumbani, ilhali Worcester wanaingia daraja la pili lenye timu 14, yaani mechi 13 nyumbani. Ukigawanya bei kwa idadi ya mechi bila kuangalia kiwango cha mchezo, utapata jibu lisilokufaa.

Mwana Tigers
Leicester, bila kusita. Msimu uliopita walimaliza wa pili kwenye jedwali, wakafika fainali Twickenham na kushindwa na Bath kwa alama 23-21. Ninajua mtaniambia kwamba Ben Youngs na Dan Cole wamestaafu, na kwamba Handré Pollard na Julián Montoya wameondoka, na sitakataa kuwa hilo ni pengo kubwa la uzoefu. Lakini tazameni waliobaki: Ollie Chessum, Joe Heyes, Nicky Smith, Jack van Poortvliet, Freddie Steward. Klabu inayoweza kuwaaga wakongwe wanne wa kiwango hicho kwa mkupuo na bado ikapanga safu ya mbele ya kuogopwa ndiyo yenye kikosi kipana. Uwanja wa Welford Road nao ni mkubwa kuliko wa klabu nyingine yoyote iliyojijengea uwanja wa raga Uingereza, na ni mali ya klabu yenyewe.

Dada wa Franklin's Gardens
Kaka, kikosi hakipimwi kwa majina ya walioko leo tu, hupimwa pia kwa wanaoinuka kutoka chini. Northampton walichukua ubingwa 2024 kwa kuwafunga Bath 25-21, kisha wakawapoteza Courtney Lawes, Lewis Ludlam na Alex Waller kwa wakati mmoja. Msimu uliofuata walimaliza wa nane kwenye ligi, na mwenye kuangalia jedwali pekee atasema walianguka. Lakini msimu huohuo walikwenda Dublin wakawashinda Leinster 37-34 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, wakaja kushindwa na Bordeaux kwenye fainali. Henry Pollock, kijana aliyelelewa na klabu, alifunga trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) siku ile Dublin kwa mbio ambazo sitazisahau. Kisha yeye, Fin Smith, Tommy Freeman na Alex Mitchell wakachaguliwa kwenda Australia na Simba wa Uingereza na Ireland, timu ya pamoja ya mataifa ya visiwa hivyo.

Mwana Tigers
Dada yangu, umejibu hoja yangu kwa kuithibitisha. Timu inayoweza kumshinda yeyote kwenye mechi moja lakini inamaliza ya nane kwa mechi 18 haina kikosi kipana, ina kikosi cha kwanza kizuri. Mwenzetu ameuliza hasa kuhusu Februari, na wachezaji wanaoitwa na England kutoka Northampton ndio hao hao wanaoibeba timu.

Mhasibu wa Kando ya Uwanja
Ninaomba tuzungumzie swali la pili la mwenzetu, kwa sababu kwa maoni yangu hayo maswali mawili ni swali moja. Upana wa kikosi hununuliwa, na ni lazima tuulize umenunuliwa kwa fedha ya nani.

Ligi kuu ya Uingereza ina kikomo cha mishahara, ambacho kilishushwa kutoka pauni milioni 6.4 hadi milioni 5 wakati wa janga la korona, kikarejeshwa milioni 6.4 kuanzia msimu wa 2024-25, pamoja na nyongeza fulani kwa wachezaji waliolelewa na klabu. Ukweli ni kwamba klabu nyingi haziingizi mapato ya kutosha kufikia kikomo hicho na bado kulipa gharama nyingine, kwa hiyo tofauti huzibwa na mwenye klabu kutoka mfukoni mwake, mwaka baada ya mwaka. Ripoti ya mwaka 2024 ya Leonard Curtis, kampuni inayoshughulikia ufilisi, ilieleza kuwa klabu 7 kati ya 10 zilikuwa na madeni yanayozidi mali zao. Siku mwenye mfuko akichoka, benchi lote la akiba huondoka naye.

Mfano tunao hapa hapa Midlands. Worcester waliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Septemba 2022 wakidaiwa mamilioni ya pauni na mamlaka ya kodi, na mwanzoni mwa Oktoba mikataba ya wachezaji wote ikavunjwa mahakamani. Wasps, mabingwa wa Ulaya wa 2004 na 2007, walikuwa wamehamia Coventry mwaka 2014 na kukopa pauni milioni 35 kwa kuuza hatifungani ambazo ziliiva Mei 2022 bila fedha ya kuzilipa. Tarehe 17 Oktoba wachezaji na wafanyakazi 167 wakapoteza kazi siku moja. London Irish wakafuata Juni 2023. Hizo zilikuwa klabu zenye majina makubwa kwenye benchi. Fin Smith anayesifiwa hapo juu alitoka Worcester. Ollie Lawrence na Ted Hill waliofanya Bath kuwa na kikosi kipana walitoka huko huko, na Alfie Barbeary alitoka Wasps. Kwa maneno mengine, sehemu ya upana tunaoushangilia leo ni mabaki ya klabu zilizokufa.

Mzee wa Jukwaani
Mhasibu amesema kweli, na ninaomba nieleze yaliyonipata mimi ili mwenzetu asije akayarudia. Sitataja jina la klabu, kwa sababu wafanyakazi wa chini waliokuwa pale hawakuwa na kosa.

Walitangaza kwamba anayelipa tiketi ya msimu kwa mkupuo, moja kwa moja kutoka benki yake, atapunguziwa bei. Nikaona ni nafuu, nikalipia yangu na ya mke wangu. Baada ya mechi chache tukaanza kusikia minong'ono: mara mishahara imechelewa, mara mtu wa chakula cha jukwaani amekataa kuleta mzigo hadi alipwe kwanza. Tuliwauliza wahudumu wa langoni, wakasema wao pia wanasoma magazetini kama sisi. Kisha ikaja barua pepe fupi kwamba mechi ya Jumamosi haitachezwa, na baada ya hapo barua zote zilitoka kwa kampuni ya wasimamizi wa ufilisi, zikiwa na fomu ya kurasa kadhaa inayonitaka nithibitishe kuwa ninadai. Mimi niliyedhani ni shabiki nilijikuta nimeandikwa kwenye orodha moja na aliyewauzia mipira na aliyewafulia jezi. Benki yangu ikaniambia kwamba kwa kuwa nilihamisha fedha mwenyewe, haina la kufanya. Sikupata hata senti. Mke wangu hakurudi tena uwanjani, na sikuweza kumlaumu.

Mhasibu wa Kando ya Uwanja
Pole sana, Mzee. Kwa faida ya wengine, foleni ya wadai Uingereza huanza na wenye dhamana, yaani waliokopesha kwa kushikilia mali, na tangu Desemba 2020 mamlaka ya kodi imepewa nafasi ya mbele kwa kodi kama ile ya ongezeko la thamani na ile inayokatwa kwenye mishahara. Mwenye tiketi yuko mwisho. Ndiyo maana ninasisitiza kulipa kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wanunuzi ya mwaka 1974 kinamfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji iwapo kitu kimoja kinagharimu zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000. Angalieni neno "kitu kimoja": tiketi ya mtoto ikiwa chini ya pauni 100 haiingii, hata kama jumla ya malipo yenu ni kubwa.

Mgeni wa Midlands
Ninashukuru sana, na poleni kwa kutoeleza mapema. Ninaishi Coventry. Ni tiketi mbili, yangu na ya mwanangu wa miaka 11 ambaye amejiunga na timu ya watoto na anacheza propu, pembeni mwa safu ya mbele. Gari linatumiwa na mke wangu Jumamosi kwa sababu ya zamu za hospitalini, hivyo tutategemea treni. Nilikusudia kulipa kwa awamu.

Skramu Kwanza
Sasa umetupa kitu cha kushika. Treni ya Coventry hadi Northampton ni ya moja kwa moja na haichukui saa nzima, kisha mnatembea hadi uwanjani. Leicester mtabadilisha treni Nuneaton, ingawa uwanja uko karibu na stesheni. Worcester ndiko penye taabu, kwa kuwa uwanja wa Sixways uko nje ya mji, kando ya barabara kuu ya M5, na bila gari mtachoka kabla ya filimbi ya kwanza.

Lakini kwa nini hutaji klabu ya Coventry yenyewe? Wako Butts Park, karibu kabisa na katikati ya mji, wako ligi hiyo hiyo ya Worcester, na mtoto anayecheza propu atasimama hatua chache tu kutoka kwenye skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungana na kusukumana, na kusikia jinsi wachezaji wa safu ya mbele wanavyopumua na kuelekezana. Huko Welford Road atawaona wakiwa wadogo kama visoda.

Dada wa Franklin's Gardens
Mwenzetu hakuuliza kuhusu Coventry.

Skramu Kwanza
Hakuuliza kwa sababu hakutuambia anaishi Coventry, Dada.

Mtetezi wa Sixways
Ninaona Worcester wanazungumziwa hapa kama maiti. Klabu ina wamiliki wapya, uwanja umekarabatiwa, na kikosi kimeundwa upya kutoka sufuri, jambo ambalo maana yake ni kwamba hakina mikataba ya zamani ya bei isiyobebeka. Zaidi ya hayo, uwanja wetu unatosha hata kwa sharti la ligi kuu la miaka ya nyuma, la watazamaji wasiopungua 10,001. Ealing Trailfinders walishinda daraja la pili mwaka 2022 na bado wakazuiwa kupanda kwa sababu ya sharti hilo. Sisi hatutazuiwa na viti.

Mhasibu wa Kando ya Uwanja
Ndugu, ninawatakia heri, na mji ule umestahili kurudishiwa raga yake. Hata hivyo, klabu inayorudi haina hesabu za miaka ya karibuni ambazo mtu anaweza kuzikagua, na matumaini ya kupanda daraja ndiyo hasa yaliyowahi kuzifanya klabu nyingi kutumia kuliko uwezo. Subirini mwaka mmoja.

Mtetezi wa Sixways
Kila mtu akisubiri mwaka mmoja, hautakuwepo huo mwaka wa pili.

Mkulima wa Kakamega
Ninawafuatilia nikiwa nyumbani, na ninaona mnavyohangaika na jambo tunalolijua vizuri. Kombe la Kenya, yaani ligi kuu yetu ya raga, limetawaliwa miaka ya karibuni na Kabras Sugar, ambao nyuma yao kuna kampuni ya sukari, na KCB, ambao nyuma yao kuna benki. Wana makocha, wana wachezaji wa akiba wanaoweza kuanza mechi kwenye klabu nyingine yoyote nchini, na ninaishangilia Kabras kwa moyo wote. Lakini klabu za wanachama kama Mwamba hutegemea michango na wafadhili wa kuja na kuondoka. Mfadhili akijiondoa, kama SportPesa walivyofanya kwa chama cha raga Januari 2018 baada ya kodi ya kamari kupandishwa, wachezaji ndio wa kwanza kuumia. Ninachouliza ni hiki: kuna klabu yoyote huko inayojilisha yenyewe?

Mwana Tigers
Exeter walikuwa mfano huo kabla ya korona, wakitengeneza faida na kushinda ligi na Kombe la Ulaya mwaka 2020. Kisha fedha zikabana, na 2023 wakaondoka Jack Nowell, Sam Simmonds, Luke Cowan-Dickie na wengine kwa mpigo. Aprili 2025 walifungwa 79-17 na Gloucester. Kwa hiyo hata hesabu safi hazikuokoa kikosi.

Dada wa Franklin's Gardens
Hesabu safi ziliokoa klabu, kaka. Exeter bado wapo na watajenga upya. Newcastle walibana matumizi hadi wakapoteza mechi zote 18 za ligi msimu wa 2023-24, lakini kwa kuwa walibaki hai, Agosti 2025 Red Bull wamepata kitu cha kununua.

Mkulima wa Kakamega
Red Bull nao ni mfuko mmoja.

Mgeni wa Midlands
Nimesoma yote, pamoja na mwanangu, ambaye sasa anataka kwenda Butts Park kwa sababu ya maelezo ya skramu. Mimi bado ninavutwa na Northampton kwa ajili ya treni, ingawa hoja ya mechi za Februari haijajibiwa kwa namna ya kunituliza. Kesho nitawapigia simu Northampton na Leicester niulize mambo mawili: awamu zinakusanywa na klabu au na kampuni ya mikopo, na tiketi ya mtoto inauzwa peke yake au pamoja na ya mzazi. Mzee wa Jukwaani, ile fomu ya wadai ilikutaka uambatishe nini?

Mzee wa Jukwaani
Risiti, taarifa ya benki na nambari ya kiti. Zihifadhi tangu siku ya kwanza, popote utakaponunua.

Skramu Kwanza
Na ukiwapigia Northampton, waulize pia ni nani atakayeanza propu wa kulia wale wa kwanza wawili wakiumia. Kila timu hutakiwa kuwa na safu ya mbele ya pili kwenye orodha ya wachezaji 23 wa siku ya mechi, kwa hiyo ni mchezaji wa tatu na wa nne ndio watakaokuambia ukweli kuhusu kikosi.