Kuchubua rangi bodi ya Peugeot 504: mchanga, maji au dawa?

Nyegezi504

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii. Kuna Peugeot 504 saluni ya 1979 hapa Nyegezi, Mwanza, imevuliwa kila kitu: vioo, mipira, nyaya, injini, viti. Rangi imerundikana tabaka juu ya tabaka, na madigadi ya nyuma yana filla nene ya kuzibia mabonde. Kutu ipo kwenye sakafu ya buti, chini ya betri na kwenye vizingiti vya milango. Lengo ni kufika bati tupu kabla ya kuchomelea.

Nina njia tatu mezani. Yupo jamaa anayepiga mchanga kwa presha ya hewa kwenye maboti ya chuma, atakuja na kompresa ya kuvutwa na gari na mchanga wa ziwani uliokaushwa. Wa pili ana mashine inayochanganya maji na glasi iliyosagwa. Wa tatu anasema apake dawa ya kuchubua, amalizie na grenda. Gareji kuna kompresa ya lita 200, HP 3.

Ipi haitanikunjia boneti? Na bodi ikishakuwa tupu, kwa unyevu wa huku inaweza kusubiri muda gani kabla ya praima (rangi ya msingi)?

FundiBodi_Igoma

Mkuu, usitafute njia moja ya gari zima. Bodi hii igawe kwa umbo la bati, kila sehemu upate njia yake.

Boneti, paa, mfuniko wa buti na ngozi za nje za milango visipigwe mchanga. Bati hilo lina unene wa karibu milimita 0.8. Wengi husema linapinda kwa joto la msuguano, ndiyo maana utasikia "piga polepole lisichemke". Sababu kubwa siyo joto. Kila punje inapogonga inaacha kashimo kadogo na kuutanua uso wa upande ule. Upande wa pili haujatanuka, kwa hiyo bati linatunisha kifua kuelekea kwenye nozeli (mdomo wa hozi). Kurudi kwake ni kazi ngumu, maana eneo zima limetanuka, siyo kwamba kuna bonde moja la kunyoosha. Chuma cha boti kina milimita 5 au 6, kinavumilia nozeli ya milimita 8 na presha ya PSI 100. Ukileta mpangilio huo kwenye paa la 504, paa limekwenda.

Hapo tumia dawa. Paka nene kwa brashi, ukielekea upande mmoja bila kurudiarudia, kisha funika na nailoni isikauke kwa jua. Ikishavimba, kwangua kwa kikwanguo cha plastiki. Acha sentimita 3 pembeni mwa kila mkunjo na kila kiungo, kwa sababu dawa ikijificha mle itatoka miezi ijayo na kuinua rangi mpya. Pembe hizo malizia kwa diski nyeusi ya sponji, izunguke polepole. Diski ngumu ya kusagia usiigusishe kabisa. Hiyo ndiyo inayopinda bati kwa joto, na inalipunguza unene. Oshea maji mengi, kausha, kisha msasa namba 80.

Mchanga upeleke kwenye sakafu, vizingiti, matao ya magurudumu, sehemu ya betri, fremu za milango na chumba cha injini. Umbo la huko lina mikunjo inayolishikilia bati, na ndiko kutu ilikojificha ambako dawa na msasa havifiki. PSI 40 mpaka 60, nozeli ielekezwe kwa mlalo wa nyuzi 30 hadi 45, umbali wa sentimita 30 au zaidi, mkono usitulie.

Filla itoe kwanza kwa kikwanguo au msasa. Haiondoki haraka kwa mchanga, hivyo opereta hukaa hapohapo akiisubiri, na bati la pembeni ndilo linaloumia.

Jambo ambalo watu husahau: namba ya chesisi. Imegongwa kwa kina kidogo, na mchanga ukiifuta utahangaika kwenye ukaguzi wa usajili. Ifunike na kipande cha tyubu ya tairi, tabaka mbili, gundisha na tepu. Mpira unarudisha punje kuliko tepu peke yake.

Na ule mchanga wa ziwani ukatae. Ni kwati, yaani silika. Ukigonga chuma unapasuka kuwa vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Uingereza iliuzuia kwa kazi hizi kwa kanuni za 1949. Kuukausha juani hakubadili lolote. Omba ganeti (punje za jiwe gumu) saizi ya chekecheo mesh 80, au glasi iliyosagwa. Tena rangi za zamani huwa na madini ya risasi, kwa hiyo vumbi la gari hili ni sumu hata ukitumia punje salama. Zungushia turubai, fagia, usiliache liende kwa majirani wala ziwani. Anayepiga avae kofia inayoletewa hewa safi. Barakoa ya kitambaa haisaidii.

Hewa_na_Nozeli

Naongezea upande wa kompresa, maana kazi nyingi hufia hapo.

HP 3 inatoa karibu lita 280 kwa dakika, na hapa tupo mita 1,134 juu ya bahari kwa usawa wa ziwa. Hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar, kwa hiyo punguza kiasi hicho. Nozeli ya milimita 3 kwa PSI 40 inakula karibu lita 270. Maana yake kompresa yako itapumua kwa shida, inafaa madoa ya kutu tu. Sakafu nzima inataka nozeli ya milimita 5, ambayo hata ukifika PSI 80 inakula lita 1,100 hivi. Ile ya kuvuta inatoa zaidi ya lita 5,000, inatosha na kubaki. Kwa hiyo mchukue jamaa wa maboti kwa ajili ya kompresa na chungu chake (tangi la punje), ila nozeli, punje na presha uamue wewe.

Angalia uchakavu wa nozeli. Ya milimita 3 ikilika kufika 4, hewa inayotoka inaongezeka kwa karibu asilimia 78. Presha inashuka, opereta anaanza kusogea karibu na bati ili kufidia.

Maji ndani ya hewa ndiyo adui wa pili. Hewa iliyobanwa inatoka ya moto imebeba mvuke, ikipoa kwenye hozi inakuwa matone na punje zinaganda kwenye chungu. Pitisha hozi mizunguko kadhaa ndani ya pipa la maji baridi, kisha weka kikamata maji baada ya pipa. Watu hukiweka kwenye kompresa, ambako hewa bado ya moto, mvuke unakipita.

Nozeli ya milimita 5 inamaliza kilo 80 hadi 100 za punje kwa saa. Tandika turubai chini, zichekeche na uzirudishe. Ganeti inarudiwa mara tatu au nne. Glasi inapondeka mapema.

Kirumba_Retro

Mimi ningechagua maji. Vumbi linapungua sana, na Nyegezi nyumba zimebanana. Ile mashine huwekewa dawa ya kuzuia kutu kwenye maji, bati linabaki jeupe hata kesho yake.

FundiBodi_Igoma

Kirumba, kwa vumbi uko sahihi, na kwa chesisi iliyotenganishwa ningekubali. Bodi ya 504 haina chesisi ya kutenga. Vizingiti na nguzo ni masanduku yaliyofungwa, na yale maji yenye unga wa glasi yataingia humo yakae. Kutu itaanza upande usioonekana. Na dawa hiyo ikibaki juu ya bati inaweza kuzuia praima isishike, mpaka uioshe.

Land109_Buswelu

Samahani mwenye uzi, nadandia. Milango ya Land Rover ni alumini, nayo ganeti?

FundiBodi_Igoma

Hapana ndugu. Dawa ya kuchubua isiyo na kostiki (magadi makali), maana kostiki inaila alumini. Ukilazimika kupiga, tumia punje za plastiki kwa PSI 30, na zisiwe zimewahi kutumika kwenye chuma. Chembe za chuma zikijichomeka kwenye alumini zitaanzisha ulikaji chini ya rangi.

Praima_Pasiansi

Kuhusu kusubiri: panga praima siku ileile. Maji ya ziwa hayana chumvi, hilo ni afadhali, lakini umande wa asubuhi pekee unatosha kulifanya bati kuwa la kahawia. Epuka masika, Juni hadi Agosti ndiyo nafuu. Anza kupiga saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, na usichubue eneo kubwa kuliko utakalopaka kabla ya jioni.

Baada ya kupiga, puliza kila tundu, gonga vizingiti kwa nyundo ya mpira, puliza tena, kisha nyonya kwa vakyumu. Punje zilizobaki kwenye nguzo zitarushwa na bunduki ya rangi siku ya mwisho. Usiguse bati kwa mikono mitupu. Futa na tina safi kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowanisha, cha pili kukausha kabla halijakauka lenyewe.

Paka praima ya epoksi moja kwa moja, mikono (tabaka) miwili. Usitangulize praima ya asidi chini ya epoksi, nyingi hazipatani. Mkono mmoja mwembamba hautoshi sehemu zilizopigwa ganeti, ncha za bati zitachomoza na kutu itaanzia hapo. Sehemu zitakazochomelewa kwangua epoksi sentimita 3 pembeni. Mshono ukipoa, sugua na upake tena siku hiyohiyo.

Filla mpya iende juu ya epoksi, usiiweke kwenye bati tupu. Muda wa kuongeza tabaka bila msasa umeandikwa kwenye kopo. Ukipita, sugua na msasa namba 180 kwanza.