Mjadala: Kutembea Msitu wa Kakamega bila mwongozaji, iruhusiwe?

Mwenzetu mmoja ameuliza kwa nini mkazi wa Shinyalu alazimike kumlipa mwongozaji ndipo atembee katika msitu uliompa babu yake kuni na dawa. Kwake, ada ya kuingia inatosha. Wengi mmemuunga mkono. Mimi napinga, ingawa zamani nilisema kama yeye.

Mwaka juzi nilitoka Isecheno na wanangu wawili tukielekea kilima cha Lirhanda, peke yetu. Asubuhi ilikuwa njema, mbega wakituruka juu ya vichwa. Lakini kule kuna vijia vya ng'ombe, vya waokota kuni na vya watu wanaokatiza kwenda sokoni, na vyote vinafanana. Alasiri mvua ikashuka, kama kawaida ya huku, na chini ya miti ile giza likatuwahi. Tulizunguka mpaka mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akatufikisha barabarani. Kitindamimba wangu alikuwa anatetemeka.

Niliporudi na mwongozaji, kijana wa kijiji jirani, alitusimamisha ghafla. Hatua tatu mbele, juu ya majani makavu, alilala nyoka mnene wa Gaboni, wa jamii ya bafe, rangi zake ni zile zile za majani. Mimi nilikuwa nikitazama juu kutafuta ndege aitwaye shorobo. Kijana huyo pia alitukataza kukwepa matope kwa kupita pembeni, kwa sababu ndivyo kijia kinavyopanuka na miche kukanyagwa. Huu ni msitu wa mvua uliobaki peke yake Kenya, kipande cha ule uliotandaa kutoka Kongo. Miche yake si ya kuchezea.

Hoja ya bei naikubali kabisa. Mzazi wa Malava mwenye watoto wanne hawezi kulipa kama mgeni wa ng'ambo. Basi tubishanie bei: wenyeji walipe kidogo, kwa kundi wala si kwa kichwa, na risiti itolewe. Upande wa Buyangu uko chini ya shirika la wanyamapori na Isecheno chini ya shirika la misitu, kwa hiyo ombi hili lipelekwe kote kuwili.

Wanaotaka vijia viachwe wazi wanijibu hili moja: lile shimo la zamani la wachimba dhahabu pale Lirhanda, lenye popo, nani atamzuia mtoto asiingie?