Nikipumua taratibu presha inashuka. Je, vidonge niache?

FundiLangoni

Asalaam aleikum jamaa. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Amu, upande wa Langoni, umri miaka 57. Milango, makasha, fremu za vioo, ndiyo kazi niliyokulia tangu siku za kumshikia baba patasi. Nina swali, na ningependa anijibu aliyepitia, si aliyesikia kwa jirani.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa nimeinamia kizingiti cha mbambakofi, agizo la mteja wa Nairobi. Huyu bwana hunipigia simu mara tatu kwa siku, na ya nne ni ya kuniuliza kwa nini sikushika ile ya tatu. Siku hiyo niliposimama, kisogo kilinigonga kama nyundo imehamia ndani. Mwanangu akanipeleka hospitali ya King Fahad. Wakapima, 172 kwa 106. Wakaniambia nikae nitulie, wakapima tena, 168 kwa 104. Nikarudi siku mbili nyingine, haikushuka ya maana. Nikapewa amlodipini ya miligramu 5 na ile ya kukojoza, haidroklorothiazidi, zote asubuhi.

Dawa zilifanya kazi, siwezi kuzisingizia. Kufikia mwezi wa kumi nilikuwa 138 kwa 86. Lakini vifundo vya miguu vikaanza kufura kila jioni, mikanda ya ndara inaniachia mitaro. Na ile ya kukojoza ndiyo usiseme. Kazi yangu ni ya kukaa kitako, na ua la nakshi halitaki mkono uinuke katikati. Nikishika tu mstari, naitwa chooni.

Binti yangu aliyeolewa Mombasa akanitumia sauti ya mtu anayefundisha kupumua: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika kumi. Nilicheka, nikasema hata punda wa mui huu wanajua kupumua. Usiku mmoja usingizi ukanigomea, nikajaribu darini. Wallahi nilitulia. Nikaongeza ile ya kukaza viungo na kuviachia: ngumi, mabega, taya, mpaka vidole vya miguu. Nikanunua na mashine ya kupimia presha. Usiku wa kwanza 134 kwa 84, baada ya wiki 128 kwa 80.

Basi Jumatatu hii nikaacha vidonge. Jumanne nikapata 129 kwa 81, Jumatano 130 kwa 82, leo Alhamisi 131 kwa 80. Kichwa hakiumi, na miguu imeanza kupungua. Je, nimepona? Naweza kuendelea na pumzi peke yake?

Mke wangu hajui. Natumai hayumo humu.

Baharia_Mkunguni

Waaleikum salaam fundi. Mkeo hayumo, lakini wanaomjua tumo.

Babangu naye aliacha kwa sababu kama yako: hakuwa na kinachomuuma. Alikaa miezi mitano akitamba barazani kwamba vidonge ni biashara ya watu. Alfajiri moja akainua birika atawadhe, likamtoka mkononi. Akadhani mkono umekufa ganzi kwa kuulalia. Alipotaka kumwita mama, maneno hayakutoka. Ni kiharusi. Huu ni mwaka wa tatu, na mkono wa kulia bado haufungi kifungo cha kanzu. Namfunga mimi.

Sina zaidi. Sijui habari za pumzi.

ThaumuNaNdimu

Fundi, usiwe na wasiwasi. Chukua punje saba za kitunguu thaumu, ndimu mbili, saga, kijiko asubuhi na jioni, na dafu moja kila siku. Ukipata mtu wa hijama, bora zaidi. Dawa za hospitali zikishakuzoea hazikuachi.

NesiMstaafu_Barani

Fundi, salaam kutoka Malindi. Nimefanya unesi miaka 31, mingine huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, nikiandika "punguza chumvi" kwenye kadi za watu huku lundo la chumvi nikiliona dirishani. Kabla sijakujibu, nijibu wewe mambo matatu:

Unapima saa ngapi, kabla ya kupumua au baada?
Kuna dawa nyingine yoyote unayomeza, hata ya dukani?
Kitoweo chako ni nini siku ambazo hakuna samaki mbichi?

FundiLangoni

Dadangu, nakujibu kwa haki. Napima baada ya kupumua, usiku, kwa sababu ndipo inapopendeza. Dawa nyingine sina, ila diklofenaki ya mgongo na kifundo cha mkono, moja au mbili kwa siku, kazi ikibana. Hiyo nayo huhesabiwa? Na kitoweo, kusi ikivuma sana na wavuvi wasitoke, ni ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Pamoja na achari ya maembe. Mkate wa mofa hauteremki mkavu.

NesiMstaafu_Barani

Ahsante kwa ukweli wako, fundi. Wengi hunipa majibu ya kumfurahisha nesi.

Nianze na hizo siku tatu zilizokudanganya. Amlodipini haitoki mwilini siku unayoiacha. Nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka, kisha nusu ya iliyobaki muda kama huo tena. Jumanne na Jumatano ulikuwa bado unatembea na dawa ya wiki iliyopita. Sifa ukaipa pumzi, kazi ikafanywa na kidonge ambacho hukukimeza. Nimewaona wengi wakiacha dawa hii wakajiona wazima siku nne, tano, kisha presha ikapanda polepole wakati mashine imesharudi kabatini.

La pili, unapima pale presha yako inapokuwa chini kuliko saa zote. Ni sawa na kumwonyesha mteja upande wa mlango uliokwisha kupigwa msasa. Mwili unaishi na presha ya saa 24: ya alfajiri, ya simu ya Nairobi, ya kupandisha ubao ngazini. Pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kahawa, kabla ya dawa, kabla ya kupumua. Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini, usipandanishe. Mkono uweke mezani usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kiguse ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, andika zote mbili. Jioni fanya hivyo hivyo. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 au kupita, hiyo ni presha ya juu.

Sasa pumzi. Usiidharau, mimi mwenyewe naifanya. Kuvuta kwa nne na kutoa kwa sita ni pumzi sita kwa dakika. Kwa mwendo huo, vile vihisio vya mishipa ya shingo vinavyoupasha ubongo habari za presha huwa vyepesi zaidi, na moyo hupunguza kasi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba watu waliosali rozari kwa Kilatini walijikuta wakipumua karibu mara sita kwa dakika bila kuhesabu, na vihisio hivyo vikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, anayesoma uradi taratibu, bila kuukimbiza, anafika jirani na hapo. Lakini wale wa Bernardi walikuwa watu 23 wazima wa afya, si mafundi wenye 172. Kwa mwenye presha, mazoezi haya yakishikwa kila siku hushusha pointi chache. Wewe ulikuwa na zaidi ya pointi 30 za kushusha.

Hiyo ya kukaza na kulegeza ni ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka mia iliyopita. Inasaidia sana usingizi. Ila usizuie pumzi unapokaza, maana hapo presha hupanda.

Diklofenaki nayo inahesabiwa, tena sana! Inazuia figo kutoa chumvi na maji, inapandisha presha, na inazipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha, hiyo ya kukojoza ikiwemo. Ibuprofeni ni ndugu yake. Mwambie daktari, mzungumze kuhusu parasetamoli na namna unavyokaa kazini.

Ng'onda na achari sina haja ya kukueleza. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyo ndani ya samaki, mkate na achari. Ng'onda iloweke usiku kucha, mwaga maji, ichemshe, mwaga tena. Na usiile kila siku.

Miguu yako haifuri kwa maji mengi mwilini, ndiyo maana ile ya kukojoza haikuiondoa. Amlodipini hutanua mishipa midogo, majimaji yakapenya hadi kwenye vifundo. Ni udhia wa dawa yenyewe, na daktari anaweza kubadilisha. Hiyo ndiyo njia, kurudi kliniki useme "hii inanifura". Ukiacha kimyakimya hakuna atakayejua. Nenda kesho, usingoje mwezi uishe.

Ndugu yetu wa thaumu, kula thaumu ni vyema, mimi naweka hata kwenye maharage. Ila isishike nafasi ya kidonge. Na dafu si la kumwagiza kila mtu. Lina potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha kama enalapili au losartani, aulize kwanza.

Ukipata 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kufifia, ulimi mzito au upande mmoja kulegea, hapo usikae kuhesabu nne na sita. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kwa kubebwa.

BintiFaza

Shikamoo ami fundi. Mimi nina miaka 38, presha ilinibaki baada ya uzazi wa tatu. Nilipewa enalapili nikakohoa miezi miwili, kikohozi kikavu, usiku mzima khu khu khu, mpaka mama mkwe akaanza kuninong'onia habari za kifua kikuu. Nilivumilia kwa kuona haya kurudi. Niliporudi, daktari aliuliza swali moja tu, akanibadilishia losartani, na kikohozi kikaisha baada ya wiki chache. Miezi miwili ya bure! Rudi tu, ami, hawagombi.

Akina dada wanaosoma hapa: dawa hizi mbili hazifai kwa mimba, ukihisi unayo wahi kliniki.

Na samahani kuuliza, ami, jioni kazini hakuna miraa?

FundiLangoni

Marahaba binti. Ipo. Si kila siku. Tuiache hapo, nimekuelewa.

FundiLangoni (siku 19 baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni, ingawa hapa sikuahidi.

Jumapili ile nilipima asubuhi kama dada wa Barani alivyoagiza, kabla ya kahawa na kabla ya chochote: 154 kwa 97. Nikadhani mashine imeharibika, nikampima mwanangu, 116 kwa 74. Nikakaa nikapumua dakika kumi, nikajipima tena: 141 kwa 89. Kwa hiyo pumzi inashusha kweli, ila haifiki chini. Nikapima tena adhuhuri baada ya yule bwana kupiga simu: 159 kwa 99.

Jumatatu nikaenda kliniki na daftari langu. Daktari alilisoma lote, hata pale nilipoandika "mteja" pembeni. Ameondoa amlodipini, amenipa losartani ya miligramu 50, na ile ya kukojoza amesema nibaki nayo. Sasa naimeza nikitoka msikitini alfajiri, na kufikia saa nne, ninapoanza nakshi za kina, safari za choo zimepungua. Diklofenaki amenikataza kabisa. Damu itapimwa mwezi ujao, figo na potasiamu. Madafu nimeyapumzisha mpaka majibu yatoke, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ng'onda.

Mgongo bado unasema. Nimeinua meza ya kazi kwa matofali mawili kila mguu, na mtoto wa ndugu yangu ndiye anayegeuza mbao nzito.

Asubuhi ya leo, mara ya kwanza 137 kwa 86, ya pili 134 kwa 84. Viatu vinaingia.

Mke wangu alijua. Aliniuliza kwa nini vidonge vya wiki nzima vimo ndani ya kasha la patasi. Nilimweleza yote, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeshika daftari, na kupumua tunapumua wote darini. Yeye hufika dakika ya nne akalala.

Baharia, mpe baba salamu zangu. Kanzu zake nitumie, nimpelekee fundi cherehani atie vifungo vya kubana, vile visivyotaka vidole viwili.

Yule bwana wa Nairobi anapiga sasa hivi ninavyoandika. Ni ya pili leo. Namaliza kwanza kuhesabu.